Mkato Moja, Hesabu Mbili



Nilipokuwa L2, niliandika programu ndogo ya kutoa orodha ya pointi za darasa letu. Ndani ya kompyuta hesabu zote zilikuwa sawa. Shida ilitokea wakati wa kuzigeuza kuwa maandishi. Niliandika 12,5 na mkato, vile tunafundishwaga ku masomo, kisha nikaunganisha orodha yote na mkato mwingine. Ku karatasi ikatoka hivi: 12,5,14,8,13. Mdogo mmoja akaniuliza: "Yaya, hizi ni pointi tatu ao tano?" Juu kama ni tano, basi mule ndani kuko 5 ku 20, na ule mtu ameanguka.

Njo nikaanza kutafuta historia ya ule mkato.

Mu 1585, Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, mu Ubelgiji ya leo, alitoa kitabu De Thiende. Alionyesha namna ya kuandika sehemu za kumi kwa urahisi, lakini hakutumia mkato wala nukta: aliweka vinamba ndani ya viduara. Kisha Waingereza wakashika nukta, Wafaransa na Wabelgiji wakashika mkato. Sisi tuliupata mkato ku masomo ya Wabelgiji. Mu 1948, mkutano mkuu wa vipimo vya dunia ulikubali zote mbili.

Kompyuta ilikuja na desturi ya Marekani. Mu 1957, kikundi cha John Backus ku IBM kilitoa lugha ya Fortran. Ilikuwa na amri ya FORMAT: ukiandika 5F6.1, unaomba hesabu tano, kila moja ku nafasi sita, na tarakimu moja nyuma ya nukta. Hapo hauitaji alama ya kuachanisha, safu zenyewe zinaachanisha. Lugha za kisasa zimeacha safu. JavaScript, ukigeuza orodha kuwa maandishi, inaweka mkato yenyewe katikati ya hesabu. Kwa mwenye kuandika 12.5 haina shida. Kwa sisi wenye kuandika 12,5, mkato moja unafanya kazi mbili.

Fortran yenyewe ilikubali mkato wetu mu toleo la 2003 tu. Na hapo waliweka sheria: ukichagua mkato ndani ya hesabu, kinachoachanisha hesabu ni nukta-mkato.

Hata mimi nilifanya vile. Orodha ikatoka: 12,5; 14,8; 13,0. Kila hesabu na tarakimu moja nyuma, hata sifuri. Mdogo akasoma pointi zake tatu, hakuuliza tena.

Wenye kuandika programu za pointi, mishahara ao dawa: mbele ya kuchapisha, mpe mtu mwingine asome orodha yako. Akihesabu tofauti na weye, rudia kazi.

Na ninyi, ku kazi zenu munaachanishaga hesabu namna gani?