Pete ya Ndoa: Dhahabu, Fedha, Shaba au Chuma?

Leo twataka kuongea nanyi juu ya kitu kilicho kidogo kuliko vyote vinavyoletwa mbele ya altare siku ya ndoa, nacho ni pete. Ni kidogo, lakini kimewazuia wengi njiani.

Sisi makatekista wa upande wa Kibombo twajua nyumba nyingi ambamo mume na mke wamekaa miaka sita, hata miaka kumi. Mali imekwisha kutolewa kwa wazee, watoto wamebatizwa, shamba ni moja, chungu ni kimoja, wala hawajafika mbele ya padri. Tukiwauliza sababu, mara nyingi jibu ni hili: “Mwalimu, hatujapata pete.” Nao wakisema pete, wataka kusema pete ya dhahabu. Wanadhani Eklezia inadai dhahabu, na kwa kukosa gramu chache za dhahabu wanakosa Komunyo miaka yote hiyo. Kwa hiyo yafaa tujue pete hii ilitoka wapi, na Wakristu wa kale waliifanya kwa kitu gani.

Tuanze kwetu. Neno pete ni neno la mababu zetu; lapatikana, kwa sauti zinazofanana, katika lugha nyingi za Kibantu. Neno chuma ni letu vilevile. Lakini maneno dhahabu na fedha yalitoka kwa Waarabu, yakaletwa huku pamoja na Kiswahili chenyewe na wafanya biashara wa pwani, waliojenga Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Neno shaba nalo ni la Kiarabu. Ila shaba yenyewe haikungoja jina hilo. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wawili, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Katanga, katika bonde la mto huu wetu Lualaba kabla haujateremka kufika Kongolo, Kasongo na Kindu. Waliwakuta wafu waliozikwa miaka elfu moja hivi iliyopita, wamevikwa mikufu na bangili za shaba, na vyombo vya udongo vimewekwa kandokando. Katika makaburi ya nyakati za baadaye ilionekana pia misalaba midogo ya shaba, imewekwa karibu na mikono. Wala si misalaba ya Kikristu, msikosee. Ni shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa katika umbo la njia panda, nayo ilikuwa mali na fedha ya watu. Kwa misalaba ya namna hiyo watu wa Katanga na wa nchi jirani walinunua vitu, tena walitoa mali ya ndoa.

Basi wazee wetu walijua vema kwamba agano la ndoa lahitaji ishara inayoshikwa mkononi, isiyooza upesi. Hata katika Kitabu cha Mwanzo, mtumishi wa Abrahamu alipokwenda kumtafutia Isaka mke, alimpa Rebeka pete ya puani ya dhahabu na bangili mbili za mikononi. Wazee wa Kibombo wakisikia habari hiyo hutikisa kichwa na kucheka. Wanaielewa bila kufundishwa.

Lakini desturi ya kuvikwa pete kidoleni kwa ajili ya ndoa haikutoka kwa Abrahamu, wala haikutoka kwetu. Ilitoka kwa Waroma, tena walipokuwa bado wapagani. Mroma aliyeposa alimpelekea mchumba wake pete kuwa rehani ya neno lake. Na pete hiyo ilikuwa ya kitu gani? Ilikuwa ya chuma! Plinio, mwandishi Mroma aliyekufa mwaka 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvio, anashuhudia kwamba hata siku zake mchumba alipelekewa pete ya chuma, isiyo na kito cho chote. Waroma walikuwa wametawala nchi nyingi na dhahabu ilijaa mjini mwao, na bado pete ya uchumba ilikuwa ya chuma, kama jembe.

Baadaye dhahabu iliingia. Wanaotuambia habari hiyo ni Wakristu wawili wa Afrika, jambo linalotupendeza kulitaja, kwa maana watu wengi hufikiri kwamba mambo yote ya kale ya Eklezia yalitoka Ulaya. Wa kwanza ni Tertuliano wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia. Karibu na mwaka 197 aliandika kwamba wanawake wa zamani hawakujua dhahabu ila katika kidole kimoja tu, kile kilichovikwa pete ya uchumba. Akawalaumu watu wa siku zake waliojipamba dhahabu mwili mzima. Wa pili ni Klementi wa Aleksandria, katika Misri. Yeye alisema mke apewe pete ya dhahabu, si kwa pambo, bali kwa kutia muhuri juu ya vitu vya nyumbani vinavyotakiwa kulindwa. Siku zile pete ilikuwa na alama ya kugandamiza juu ya nta au udongo, na Klementi aliwashauri Wakristu wachague alama ya njiwa, au samaki, au merikebu, au nanga. Fikirini jambo hilo: mke aliyevikwa pete alikabidhiwa ghala. Pete ilikuwa alama ya kuaminiwa, karibu sawa na ufunguo.

Karne zikapita. Mtakatifu Isidori, askofu wa Sevilla katika Hispania, aliyekufa mwaka 636, alieleza kwamba pete ni alama ya uaminifu kati ya wawili, na kwamba huvikwa katika kidole cha nne kwa sababu mshipa wake wafika mpaka moyoni. Waganga wa leo hawakuona mshipa wa pekee katika kidole hicho. Desturi imebaki, mshipa hakuna.

Sasa twafika kwa neno ambalo kwa ajili yake tumeliandika somo hili. Katika karne ya 9 Wabulgari, watu wa Ulaya ya mashariki, walikuwa wapya katika dini. Mfalme wao Boris alikuwa amebatizwa siku si nyingi, naye alikuwa na maswali mengi, kama sisi. Desturi zipi za zamani ziachwe? Zipi zishikwe? Alituma watu Roma na maswali hayo, na mwaka 866 Papa Nikolasi wa kwanza akampelekea majibu zaidi ya mia moja. Kuhusu ndoa, Papa aliwaeleza desturi za Roma moja moja: mume humvika mchumba pete ya uaminifu, humpa mali pamoja na hati mbele ya mashahidi, kisha hupelekwa kanisani, hubarikiwa na kufunikwa shela, na wakitoka nje huvaa taji vichwani. Ni arusi nzuri sana. Lakini hakuishia hapo. Akasema kwamba yote hayo yakikosekana si dhambi, maana wako watu waliobanwa na umaskini hata hawawezi kuyatayarisha. Yatosha mapatano ya hao wawili wanaooana. Na mapatano yasipokuwapo, hayo mengine yote, hata yakitimizwa, ni bure.

Papa aliyaandika hayo miaka zaidi ya elfu moja na mia iliyopita, akiwafikiria maskini wa nchi ya mbali asiyoiona. Kila tunaposoma habari hiyo twajiuliza ni nani basi aliyewaambia watu wa vijiji vyetu kwamba bila dhahabu hakuna ndoa. Padri hakusema. Katekista hakusema, au kama yuko aliyesema, alikosa. Tunadhani watu waliona pete za watu wa mji, na picha za arusi za Kindu na Kinshasa, wakafanya sheria yao wenyewe.

Kitabu cha ibada kilichotolewa mwaka 1614 chini ya Papa Paulo wa tano kilitaja pete moja tu, ya mke, ibarikiwe na padri. Hakikusema iwe ya dhahabu. Ibada mpya ya ndoa, iliyotolewa mwaka 1969, yataja pete mbili, mume na mke wakivikana. Desturi ya mume kuvaa pete ilienea sana wakati wa vita kuu vya pili, hasa kati ya askari wa Marekani waliokuwa mbali na nyumba zao. Tena angalieni jinsi ibada inavyofuatana: katika ibada ya 1614 na katika hii ya sasa, kwanza wawili husema neno lao la kukubaliana mbele ya padri na mashahidi, ndipo pete hubarikiwa. Maana yake, pete inapoingia kidoleni, wale wawili ni mume na mke tayari. Nayo Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, katika kanuni 1057, yafundisha kwamba mapatano ndiyo yanayofanya ndoa, wala hakuna nguvu ya mwanadamu iwezayo kushika mahali pake. Ikiwa nguvu ya mwanadamu haiwezi, dhahabu yaweza?

Dhahabu yenyewe ina habari zake, na si zote zinazopendeza. Tarehe 18 Desemba 1935, wakati Italia ilipokuwa ikipigana vita vya kuinyang'anya Ethiopia nchi yake, serikali ya Mussolini iliwaita wake wa Italia watoe pete zao za ndoa kusaidia vita hivyo. Malkia Elena alikuwa wa kwanza kuitoa ya kwake, huko Roma, na wanawake wengi sana wakamfuata. Kwa pete ya dhahabu kila mmoja alipewa pete ya chuma. Hata maaskofu wengine walitoa dhahabu yao. Twalisema kwa huzuni, kwa sababu ni kweli. Hivyo alama za uaminifu za nyumba zile zilitumiwa kuwaua Waafrika, tena Waafrika Wakristu.

Hapa Maniema dhahabu ipo. Huko Namoya, katika Kabambare, imechimbwa tangu zamani za Wabelgiji. Tangu mwaka 1982 serikali ya Zaire ilipowapa raia ruhusa ya kuchimba, vijana wengi wamekwenda mashimoni. Wengine huenda kwa nia njema kabisa, kutafuta pete. Lakini mashimo huporomoka. Na zebaki wanayotumia kukamata chembe za dhahabu, wakiichoma, moshi wake huwa sumu kwa anayechoma na kwa watoto walio karibu. Kijana akituaga kwenda huko kwa ajili ya pete, twamwambia akae, aoe.

Kuna hatari nyingine ndogo, ya sokoni. Mume mmoja wa kijiji cha kando ya reli alikopa fedha, akanunua pete mbili zenye kung'aa, akaambiwa ni dhahabu. Wakafunga ndoa. Miezi mitatu haikuisha, kidole cha mke kikafanya alama ya kijani, na pete ikawa nyeusi. Yule mama akalia sana. Jirani wakanong'ona kwamba ndoa ina laana, na shangazi yake akataka arudi kwao. Tulikwenda tukaketi nao jioni nzima. Pete ile ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na zinki, ikapakwa rangi ya dhahabu juu; jasho lilikula rangi, likafika kwenye shaba, na shaba ikilowa jasho huacha alama ya kijani katika ngozi. Hakuna laana. Jasho la mke anayelima ndilo lililoitia pete rangi.

Basi anayetaka dhahabu na mwenye uwezo wake ajue haya. Dhahabu safi huhesabiwa karati 24, nayo ni laini. Ya karati 18 ina sehemu tatu za dhahabu katika nne, sehemu inayobaki mara nyingi ni fedha na shaba, nayo ni ngumu zaidi kwa kazi. Dhahabu ni nzito sana, mkononi utaisikia. Fedha ni nzuri na bei yake ni ndogo kuliko ya dhahabu, ingawa huingia weusi nayo husuguliwa. Chuma cha pua hakiingii kutu upesi. Na shaba ni ya nchi yetu.

Mume na mke wengine, waliokaa miaka tisa wakingoja dhahabu, tuliwapeleka kwa mhunzi. Aliwapima vidole kwa uzi, akachukua waya mnene wa shaba (ulionunuliwa kwa haki, si ule unaokatwa usiku kwenye reli), akaupasha moto, akaupiga, akaunganisha ncha. Malipo yalikuwa kuku mmoja. Padri alizibariki pete zile kwa maneno yale yale anayobarikia dhahabu. Kila Jumamosi jioni yule mama huivua yake, huisugua kwa ndimu na majivu, huisuuza mtoni, na Jumapili huja nayo Misa ikiwa nyekundu kama siku ile.