HERUFI MOJA KWENYE SARAFU: KISA CHA FEDHA YA POTOSÍ



Ndugu zangu, kijana mmoja anayekusanya sarafu za zamani alinitumia picha ya kipande cha fedha. Hakina duara, kingo zimekatwa ovyo, na juu yake kimegongwa muhuri mdogo wa taji. Akauliza: "Sheikh, hii ni nzima au mbovu?" Nikamwambia, mwanangu, sikiliza kwanza kisa chake.

Mwaka 1545 Wahispania walianza kuchimba fedha katika mlima wa Potosí, nchi ambayo leo ni Bolivia. Kuanzia miaka ya 1570 waliwalazimisha wenyeji kwa zamu iliyoitwa mita: takriban mwanamume mmoja katika kila saba hupelekwa kazini mwaka mzima. Wengi walifia huko. Fedha ilikatwa vipande kwa mkasi, ikapigwa chapa kwa nyundo. Kipande cha reale nane kilikuwa na uzito wa gramu 27 hivi. Na neno hilo la Kihispania, real, ndilo Waarabu walilolifanya riyali, nasi watu wa pwani tukasema reale.

Sasa zingatia. Sarafu isiyo na umbo, mtu ataiaminije? Kwa herufi. P ni Potosí. Ya pili ni ya mpimaji, aliyebeba dhamana kwamba fedha imetimia.

Miaka ya 1640 tajiri Francisco Gómez de la Rocha alishirikiana na watu wa karakana ya sarafu, shaba ikazidishwa ndani ya fedha. Herufi ikabaki palepale, lakini sasa inasema uongo. Wafanyabiashara wa Ulaya wakaanza kuzikataa. Mfalme Felipe wa 4 akamtuma Francisco Nestares Marín kuchunguza. Mpimaji Felipe Ramírez de Arellano akauawa, na mwaka 1650 Rocha akanyongwa.

Je, yakaisha? Hapana. Sarafu zikashushwa thamani. Zilizo nafuu ziligongwa muhuri wa taji, zikahesabiwa reale saba na nusu badala ya nane. Nyingine zilishuka zaidi. Basi hasara ikamwangukia nani? Yule aliyekuwa nazo mkononi, aliyeuza mali yake kwa haki.

Mwaka 1652 ikaja chapa mpya: nguzo mbili juu ya mawimbi, na herufi ya mpimaji ikarudiwa zaidi ya mara moja.

Tunajifunza nini?

1. Uaminifu ukivunjika, utaandika jina lako mara tatu na bado watu watakupima.

2. Kumwadhibu mwizi hakumrudishii aliyepunjwa haki yake.

3. Wewe mkusanyaji, ukiuza, mweleze mnunuzi aibu ya sarafu yako. Ukimficha, umefanya kama Rocha, hata kama ni kipande kimoja.

Tuna sura nzima, Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjaji. Haikuwataja wenye mizani sokoni peke yao kwa bure: kila mwenye sahihi yake ana mizani.

Kijana wangu, sarafu yako ni nzima. Waliokuwa wabovu ni watu.

Allah atujaalie tuwe waaminifu. Wallahu a'lam.