Beseni la Kuogeshea Mtoto: Lipi Ununue na Lipi Uliache Dukani

Mimba ikitimu miezi minane, nyumba nyingi huanza kuandika orodha: leso, nepi, mafuta, neti na beseni. Hilo beseni ndilo linalowatia watu gharama zisizo na maana. Dukani yako ya kila umbo na kila rangi, na wapo wanaokopa ili wasionekane wamepungukiwa siku ya wageni kuja kumtazama mzazi. Ukweli ni kwamba mtoto hajui bei ya beseni. Usalama wake uko kwenye maji, kwenye mkono unaomshika, na kwenye vile vitu tunavyompaka na kumtilia majini.

Siku za mwanzo

Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite angalau saa 24 tangu azaliwe, kwani mtoto mchanga hupoteza joto upesi hata katika hali yetu hii ya hewa ya Pwani. Ule utando mweupe aliozaliwa nao si uchafu; humkinga ngozi. Baada ya hapo, mpaka kitovu kianguke, kitambaa laini na maji ya uvuguvugu vyatosha. Kwa hivyo usikimbilie beseni kubwa.

Kitovu chenyewe kisitiwe majivu, mate wala vumbi. Hospitali ikikupa dawa ya klorheksidini ya asilimia 7.1, paka kitovuni tu kama ulivyoelekezwa, na uiweke mbali na dawa za macho. Ikiingia jichoni huumiza vibaya.

Aina za beseni

Beseni la plastiki la kawaida, pana na zito kiasi, lafaa kabisa. Chagua lenye kingo laini na chini pasipoteleza. Ukitandika kitambaa ndani, mtoto hatelezi. Liwe la mtoto peke yake, lisifuliwe nguo wala kuoshewa samaki.

Beseni la mtoto lenye mteremko humpumzisha mama mkono, hasa aliyejifungua kwa upasuaji. Ukiwa na uwezo, nunua. Usidhani tu kwamba mteremko ule wamshika mtoto badala yako.

Beseni la kukunja lasaidia chumba kidogo. Jaribu miguu yake dukani kama yashika sawasawa, na nyumbani likaushe vizuri, maana ukungu hupenda mikunjo.

Karai la bati hushika moto likitiwa maji ya moto, na kingo zake hukata. Liache jikoni.

Kiti cha kuogea kinachong'ang'ania chini ya beseni ndicho ninachosema kiachwe dukani. Huchopoka kikapinduka, na humfanya mtu aamini kwamba anaweza kugeuka kidogo. Mtoto huzama kwa kimya, tena katika maji ya sentimita chache tu.

Ukinunua la mtumba, litazame kwenye mwanga. Lenye ufa usilichukue. Ufa hukata ngozi na huficha uchafu.

Maji

Hapa ndipo pesa na bidii ziende. Wengi wetu twanunua maji kwa mitungi, au twachota visimani, na visima vingi mitaani vimechimbwa karibu na vyoo vya shimo. Yachemshe maji ya mtoto mchanga, kisha yapoe. Maji ya chumvi hayatoi povu, na yakikauka mwilini huacha ngozi ikiwa kavu. Ukipata mtungi mmoja wa maji matamu, mwekee mtoto.

Tia maji baridi kwanza, halafu ndipo uongeze ya moto. Koroga, kisha jaribu kwa kiwiko. Kiganja cha mtu aliyezoea jiko hakihisi moto upesi. Kiwango kizuri ni nyuzi 37 hivi, sawa na joto la mwili. Kina cha sentimita tano kinatosha. Birika la maji ya moto liwe mbali na pale mnapoogeshea.

Sabuni, poda na dawa

Sabuni isiyo kali na isiyo na manukato mengi, kidogo tu. Maji ya dawa ya kuulia vijidudu, yale ya kusafishia vidonda na sakafu, hayana kazi kwenye beseni la mtoto, huchoma ngozi. Poda huingia kifuani mwake anapovuta pumzi. Wanja wa dukani mara nyingi huwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo, basi apendeze bila wanja. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe hata tone, ni sumu kwa watoto wadogo.

La mwisho ni la taulo na nguo. Usimfunike mtoto kwa kitu kilichotoka sandukuni kwenye vidonge vyeupe vya naftalini. Watu wengi wa mwambao wamerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mtoto mwenye upungufu huo akivuta harufu ya naftalini, au ikimwingia kupitia ngozi, chembe nyekundu za damu huweza kupasuka, akawa manjano na kupungukiwa na damu. Fua upya, anika juani, na vidonge hivyo vitoke kabisa kwenye nguo za mtoto.

Nani amuogeshe

Kwetu mara nyingi ni bibi, na ujuzi wake ni hazina: namna ya kushika shingo, kukausha mikunjo na kumtuliza mtoto. Zungumza naye mapema kwa adabu kuhusu maji na kitovu, kabla ya uzazi, ili pasiwe na mvutano siku hiyo. Kazi hii asiachiwe binti mdogo wa nyumbani. Taulo, nguo na sabuni viwe karibu kabla mtoto hajaingia majini. Simu ikilia, iache ilie. Mlango ukigongwa na ni lazima ufunguliwe, mfunge mtoto kwenye taulo uende naye.

Mkimaliza, mwageni maji papo hapo na mlifudikize beseni. Mtoto mchanga ametoka, lakini huenda nyumbani yupo mwengine wa mwaka mmoja anayeanza kutembea, naye hupenda maji.