Makadirio ya Joto la Vigwaza: Namna Usahihi wa Modeli za Tabianchi Unavyopimwa

Kata ya Vigwaza iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, mkoani Pwani, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro. Maji ya Mto Ruvu humwagilia mashamba ya mpunga ya wanaushirika wa CHAURU, na malisho ya ukanda huo hutumiwa na Ranchi ya Ruvu. Shughuli hizo hutegemea maji, lakini hutegemea pia joto. Mpunga unaochanua wakati joto la mchana limezidi nyuzi 35 za Selsiasi huwa katika hatari ya kutochavushwa vyema, na masuke yake hutoa mapepe badala ya punje. Kwa hiyo, tofauti ya nyuzi moja au mbili katika makadirio ya joto la miaka ijayo inaweza kubadili uamuzi kuhusu mbegu, tarehe ya kupanda na kiasi cha maji kitakachohitajika shambani.

Makadirio hayo hutokana na modeli za tabianchi. Swali la msingi kwa mwananchi na kwa mpangaji wa maendeleo ni moja: modeli hizo zinaaminika kwa kiasi gani?

Modeli ya kikanda ni nini

Modeli ya tabianchi ni programu ya kompyuta inayokokotoa mwenendo wa anga, bahari na ardhi kwa kutumia kanuni za fizikia. Modeli za dunia nzima huigawa dunia katika miraba mikubwa, ambayo mara nyingi huwa na upana wa kilomita 100 au zaidi. Modeli ya kikanda huchukua eneo dogo zaidi, mfano Bara la Afrika, na kuligawa katika miraba midogo. Mipakani mwa eneo hilo hupokea taarifa kutoka katika modeli ya dunia.

Mwaka 2009 Mpango wa Dunia wa Utafiti wa Tabianchi ulianzisha mradi wa CORDEX ili vituo mbalimbali vya utafiti viendeshe modeli za kikanda kwa utaratibu mmoja na matokeo yake yaweze kulinganishwa. Afrika ilipewa kipaumbele tangu mwanzo. Awamu ya kwanza ilitumia miraba yenye upana wa takriban kilomita 50, na baadaye ikafuata miraba ya takriban kilomita 25. Miongoni mwa modeli zilizotumika ni RCA4 ya Sweden, REMO ya Ujerumani na RegCM ya kituo cha fizikia cha ICTP kilichopo Trieste, Italia. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza nayo imeendesha modeli ya Afrika nzima yenye miraba ya kilomita 4.5, iitwayo CP4-Africa.

Kwa nini ukubwa wa mraba una maana

Kila mraba hubeba thamani moja ya joto kwa wakati mmoja. Mraba wa kilomita 50 kwa 50 una eneo la kilomita za mraba 2,500, wakati mraba wa kilomita 25 una kilomita za mraba 625. Katika Pwani ya Bagamoyo, mraba mkubwa unaweza kuunganisha bahari, mashamba, miji na mbuga za bara katika namba moja. Hewa ya baharini hupunguza joto la mchana na kuzuia usiku usipoe sana, ilhali bara hupata joto na kupoa kwa haraka zaidi. Namba inayochanganya hali hizo haiwakilishi kikamilifu hata mojawapo.

Upande wa magharibi tatizo ni mwinuko. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, lakini vilele vya Milima ya Uluguru iliyo jirani vinazidi mita 2,600. Kwa wastani, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Iwapo mraba wa modeli una mwinuko unaozidi ule wa kituo kwa mita 300, tofauti hiyo pekee inaweza kuleta kosa la karibu nyuzi 2. Ndiyo maana watafiti hurekebisha tofauti ya mwinuko kabla ya kuihukumu modeli.

Hata hivyo, udogo wa mraba hauleti usahihi wenyewe. Modeli yenye miraba midogo inaweza kukosea kukadiria mawingu, unyevu wa udongo au upepo, na pia inaweza kurithi makosa ya modeli ya dunia inayoilisha taarifa.

Jinsi upimaji unavyofanyika

Hatua ya kwanza ni kuiendesha modeli kwa kipindi kilichokwishapita. Katika CORDEX, majaribio ya tathmini yalihusu miaka ya 1989 hadi 2008, ambapo modeli zililishwa taarifa zilizojengwa kutokana na vipimo halisi vya anga. Kwa njia hiyo, makosa ya modeli ya kikanda hutenganishwa na yale ya modeli ya dunia.

Hatua ya pili ni kulinganisha matokeo na vipimo vya vituo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2019, huandika joto la juu kabisa na la chini kabisa la kila siku. Katika ukanda unaoizunguka Vigwaza, vituo vyenye umuhimu ni pamoja na vile vya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Kibaha na Morogoro.

Hatua ya tatu ni kukokotoa vigezo. Kosa la wastani huonesha kama modeli huzidisha au hupunguza joto. Kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili vya makosa huonesha ukubwa wa makosa bila kujali kama ni ya kuzidisha au kupunguza. Kigezo cha uwiano huonesha kama modeli hupanda na kushuka pamoja na vipimo halisi, mfano kupanda kuelekea miezi ya joto ya Desemba hadi Machi na kushuka katika majira ya baridi ya Juni hadi Agosti.

Vigezo hivyo husomwa pamoja. Modeli inayozidisha joto la mchana kwa nyuzi 2 na kupunguza la usiku kwa nyuzi 2 itaonekana haina kosa katika wastani wa siku, ingawa imekosea mchana na usiku. Kwa mpunga, kosa la mchana ndilo lenye hatari wakati wa kuchanua.

Matokeo ya Tanzania

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Philbert Luhunga wa TMA walichapisha tathmini ya modeli za CORDEX kwa hali ya hewa ya Tanzania, wakichunguza mvua, joto la juu na joto la chini. Ilionekana kwamba wastani wa modeli kadhaa kwa jumla huiga hali halisi vizuri zaidi kuliko modeli mojamoja. Mwaka 2018 Luhunga na wenzake walichapisha makadirio ya nchi nzima yaliyotokana na modeli hizo, yakionesha kuongezeka kwa joto la juu na la chini katika karne hii.

Mwelekeo huo unawiana na wa dunia. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa mwaka 2024 ulikuwa wenye joto zaidi katika kumbukumbu za vipimo, ukizidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.55.

Maana yake kwa mwananchi

Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa vipimo vya Februari vinatoa wastani wa nyuzi 33 mchana na modeli kwa kipindi hichohicho inatoa nyuzi 31, modeli inapunguza kwa nyuzi 2. Ikikadiria nyuzi 34 kwa miaka ijayo, makadirio yaliyosahihishwa ni nyuzi 36. Bila kusahihisha, mkulima angeambiwa yuko chini ya kikomo cha nyuzi 35, kumbe amekivuka. Usahihishaji huo nao una masharti, kwa kuwa unachukulia kwamba kosa la jana litabaki vilevile kesho.

Aidha, makadirio ya tabianchi si utabiri wa siku wala wa msimu. Kwa tarehe za kupanda katika Masika au Vuli, rejea ni taarifa za msimu za TMA. Makadirio ya tabianchi hufaa kwa maamuzi ya miaka mingi: mifereji, visima, aina za mbegu, majengo na malisho.

Mwananchi, kiongozi wa ushirika au ofisa wa halmashauri anayepewa namba ya joto la baadaye anapaswa kuuliza mambo manne: imetokana na modeli ngapi, mraba wake una upana gani, imelinganishwa na kituo kipi, na kosa lake la mchana na la usiku ni kiasi gani. Namba isiyo na majibu hayo haijawa tayari kutumika katika mpango. Majibu hayo hutegemea kipimajoto kinachosomwa kila siku bila kukosa, hivyo kulinda vituo vya hali ya hewa na kumbukumbu zake ni sehemu ya maandalizi ya mabadiliko ya tabianchi.