Ukweli Kuhusu Bangi na Madirisha Mekundu ya Amsterdam Kabla Uende Kujiaibisha

Kila mtaa una mse mmoja ambaye hajawahi vuka Naivasha lakini anaweza kukuambia Amsterdam iko aje. Ati huko unachoma ngwai mbele ya karao, ati madame wamepangwa kwa dirisha, ati kila kitu ni halali. Hiyo ya mwisho ndio story ya jaba. Uholanzi bangi si halali. Umesoma vizuri. Kuuza bangi kwa watu wa kujiburudisha bado ni kosa kwa vitabu vya sheria, na kile wasee huita uhuru ni serikali kufumba jicho moja huku lile lingine likihesabu gramu zako.

Wenyewe wana neno lao, gedogen. Maana yake ni kuacha kitu kiendelee ingawa sheria inakikataza, bora watu wafuate masharti yaliyowekwa. Usifananishe na hapa kwetu, ambapo kuachiliwa kunategemea karao ameamka aje na una soo ngapi mfukoni. Huko masharti yameandikwa. Kiongozi wa mashtaka anayajua, meya anayajua, na mwenye duka anayajua kuliko wote ju akikosea kidogo anafungiwa.

Ilianza aje

Turudi miaka ya 70. Heroini ilikuwa imeingia Amsterdam na vijana walikuwa wanaisha. Serikali ilikuwa na tume iliyoongozwa na daktari wa akili, Pieter Baan, na mwaka wa 1972 ikatoa ripoti. Wazo lake lilikuwa rahisi: ukinunua bangi kwa mse ambaye pia anauza heroini, siku moja bangi itakosa na atakuuzia ile ingine. Basi tenganisha hizo soko mbili, wavuta bangi wasijuane na wauza sumu.

Mwaka wa 1976 sheria ya dawa za kulevya ikabadilishwa na kukawa na orodha mbili. Ya kwanza ina heroini, kokeini na wenzake. Ya pili ndio ina bangi na hashishi. Kupatikana na hadi gramu 30 likawa kosa dogo tu. Wakati huo kofishopu za kwanza zilikuwa zishaanza. Mellow Yellow ilifunguliwa mapema miaka ya 70, na The Bulldog ikafuata 1975. Tawi moja la The Bulldog, pale Leidseplein, liko ndani ya jengo lililokuwa kituo cha polisi. Hiyo hata mimi singeitunga.

Kofishopu, kwa wale bado wanadhani ni pahali pa kahawa: ni mkahawa unaouza bangi. Kahawa iko, chai iko, juisi iko. Pombe hakuna kabisa, hizo vitu mbili hazikai nyumba moja. Ukitaka kahawa peke yake, tafuta mahali pameandikwa café, usije ukaketi hapo dakika ishirini ukishangaa mbona kila mtu amelegea.

Masharti yenyewe ni makali kuliko watu wanavyodhani. Chini ya miaka 18 huingii, na kitambulisho utaulizwa hata kama ndevu zimejaa. Unauziwa gramu 5 pekee kwa siku kwa duka moja. Zamani ilikuwa 30, wakapunguza katikati ya miaka ya 90. Duka haliruhusiwi kuwa na zaidi ya gramu 500 ndani. Matangazo hakuna, kusumbua majirani hakuna, na ikipatikana hata chembe ya kokeini, kwisha. Halafu kuna ile ya tumbaku. Tangu Julai 2008 sigara imepigwa marufuku ndani ya baa na mikahawa, kofishopu zikiwemo. Yaani unaweza kuwasha bangi safi hapo ndani na hakuna atakayekusumbua, lakini ukiichanganya na fegi uko na makosa.

Pia duka likiwa karibu sana na shule linaweza kufungwa. Mellow Yellow yenyewe, mzee wa kazi, ilifunga milango mwanzoni mwa 2017 kwa sababu hiyo. Shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya kufunza watu ususi.

Mlango wa nyuma

Hapa ndipo mpango wote unachekesha, na pia ndipo unaumiza. Mlango wa mbele wa kofishopu unafumbiwa macho: unauza, unapewa pesa, unalipa ushuru. Lakini bangi iliyoko ndani ilitoka wapi? Kulima kwa wingi ni kosa, na kuuzia kofishopu ni kosa. Mwenye duka anaruhusiwa kuuza kitu ambacho haruhusiwi kununua. Waholanzi huita hiyo shida ya mlango wa nyuma, na wameishi nayo karibu miaka hamsini.

Piga hesabu kidogo. Duka lenye wateja wengi linaweza kumaliza gramu 500 kabla ya lunch. Sasa lazima kuwe na mse wa kuleta mzigo mdogo mdogo siku nzima kutoka stoo iliyofichwa mahali. Kule Terneuzen, karibu na mpaka wa Ubelgiji, kulikuwa na kofishopu kubwa ajabu inaitwa Checkpoint, iliyokuwa ikihudumia Wabelgiji na Wafaransa kwa maelfu. Polisi walivamia, wakapata mzigo umezidi sana, ikafungwa. Na hizo pesa za mlango wa nyuma haziendi kwa mkulima mpole mwenye miti mitano kwa balcony. Zinaenda kwa magenge.

Ndio maana Desemba 2023 wakaanza jaribio katika miji ya Breda na Tilburg: bangi inayolimwa na wakulima wenye leseni ya serikali, imepimwa, imepakiwa, iko na karatasi. Kufikia Aprili 2025, kofishopu za manispaa kumi zilizo kwa jaribio zikatakiwa kuachana na mzigo wa magenge. Amsterdam haiko kwa hiyo kumi. Kwa hivyo mtalii anayejipiga picha na risiti ya kofishopu pale mjini bado anavuta kitu kilichopita mlango wa nyuma. Ukiniuliza, hili jaribio lilichelewa miaka thelathini.

Pia usidhani kila mji utakukaribisha. Maastricht, ulioko kusini, ilichoka na magari kutoka nchi jirani ikasema kofishopu ni za wakaaji wa Uholanzi tu. Kesi ilifika hadi mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya, na Desemba 2010 mji ukashinda. Amsterdam wageni bado wanaingia, ingawa meya Femke Halsema alijaribu kuwazuia na baraza la mji likakataa.

Madirisha

De Wallen ndio mtaa wenye taa nyekundu. Ni sehemu ya zamani kabisa ya mji, mifereji nyembamba na nyumba zimeinama kama zimelewa. Katikati kuna Oude Kerk, kanisa lililowekwa wakfu 1306, na madirisha yamelizunguka pande zote. Nje ya hilo kanisa kuna sanamu ya shaba ya mwanamke amesimama mlangoni, imewekwa 2007, na maandishi yake yanaomba watu wawaheshimu wafanyakazi wa ngono dunia nzima.

Wengi hudhani hii biashara imekuwa huru tangu zama. Zii. Danguro zilipigwa marufuku 1911, na hiyo marufuku ilikaa kwa vitabu hadi tarehe 1 Oktoba 2000. Katikati hapo ilikuwa tu gedogen, macho yamefumbwa. Tangu 2000, mtu mzima anayefanya hiyo kazi kwa hiari anahesabiwa kama mfanyabiashara mwingine: anajiandikisha, analipa ushuru, anakodi dirisha kwa zamu. Hiyo kodi mara nyingi inapita euro 100 kwa usiku mmoja, na analipa akipata mteja asipate. Amsterdam ilipandisha umri hadi miaka 21 mwaka wa 2013.

Usipige picha. Hii naiweka peke yake ju ndio kitu wageni wengi hukosea. Huyo dame ana mama, ana watoto, labda wanadhani anafanya kazi ya supamaketi. Ukiinua simu atakurushia maji, na wale majamaa wa mlangoni hawatakuuliza mara mbili. Hata ziara za kuongozwa kupita mbele ya madirisha zimepigwa marufuku tangu Aprili 2020, maana mji ulichoka na makundi ya watalii yakisimama kukodolea wanawake macho kama wako Animal Orphanage.

Sasa swali ambalo mse wa mtaani hawezi kukujibu: kama ni kazi halali, mbona bado kuna wanawake wanaouzwa? Kuhalalisha kumepea wale walio na karatasi haki ya kufungua kesi na kuita polisi bila kuogopa. Hakujamaliza wale wanaowasukuma wengine na kuwanyang'anya pesa. Mji wenyewe ulikubali hivyo. Kuanzia 2007, kupitia mpango ulioitwa 1012, jina likitoka kwa nambari ya posta ya hapo, walianza kununua majengo na kufunga madirisha kadhaa wakisema wanapigana na wahalifu. Wanawake wengi wanaofanya kazi hapo wakajibu kwamba kufunga madirisha kunawasukuma tu gizani, ambapo hakuna anayewaona wakipigwa.

Huo mvutano haujaisha. Halsema anataka sehemu ya madirisha ihamishiwe jengo kubwa nje ya katikati ya mji, na Desemba 2023 akachagua Europaboulevard, upande wa kusini. Wakaaji wa huko hawataki. Wafanyakazi wenyewe hawataki pia, waliandamana, wakisema De Wallen kuna watu usiku kucha na hiyo ndiyo usalama wao. Shida, wanasema, ni walevi na wasafiri wa wikendi, na hao hawatapotea ukihamisha taa.

Kuhusu hao wasafiri, mwaka wa 2023 mji ulianza kampeni ya intaneti ikilenga vijana wa kiume kutoka Uingereza, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: kaeni mbali. Mwaka huo huo kuvuta bangi barabarani ndani ya De Wallen kukapigwa marufuku, faini euro 100, na madirisha yakaanza kufungwa saa tisa usiku badala ya saa kumi na mbili asubuhi.

Mkenya na hii stori

Dada zetu, someni hapa polepole. Hiyo kazi Uholanzi ni halali kwa raia wa Umoja wa Ulaya na wale wenye karatasi za kuishi zinazowaruhusu kufanya kazi. Kibali cha kazi cha kutoka nje ya Ulaya hakitolewi kwa biashara ya ngono. Kwa hivyo ajenti anayekuahidi dirisha halali, au "kazi ya hoteli" ambayo ukifika inabadilika, anakupeleka mahali ambapo huna karatasi, na pasipoti iko kwa droo yake. Hapo namba ya kupiga ni 112.

Mabro nao: mse anayekunong'onezea "coke, coke" kwa daraja usiku si kofishopu. Mwaka wa 2014 watalii Waingereza walikufa Amsterdam baada ya kuuziwa heroini nyeupe wakiambiwa ni kokeini. Mji ukaweka mabango ya taa barabarani kuonya watu, na kuwaambia kwamba ukiita ambulensi hutashikwa kwa kutumia. Na keki ya bangi pia imeangusha wengi. Inachukua saa moja au zaidi kupanda. Msee anaonja kipande, haskii kitu, anaongeza vingine viwili, halafu zinapanda zote pamoja akiwa kwa tramu.

Na usiwahi beba kitu ukirudi. Schiphol hadi JKIA ni ndege moja tu, lakini gramu 5 ulizofumbiwa macho kule zinaweza kukupeleka korokoroni hapa. Wajackoyah alituahidi mengi 2022. Sheria haikubadilika kuwa ile aliyoahidi.

Kuna moja imebaki, na hii watu wa Meru hawajasamehe. Kwa miaka mingi miraa ilikuwa ikishuka Schiphol kihalali, inapelekwa mji mdogo wa Uithoorn, inagawanywa hapo na kusambazwa Ulaya. Januari 2013 Uholanzi ikaipiga marufuku, ikisema inaharibu maisha ya Wasomali wanaoishi huko na inaleta vurugu. Mwaka uliofuata Uingereza ikafuata. Miraa iliwekwa kwa orodha ya pili, ile ile ya bangi. Tofauti ni kwamba miraa hakuna aliyeifumbia macho. Hadi leo, nchi ambayo ukifikisha 18 unauziwa shada la bangi kwa kaunta, ukipatikana na kilo za muguka kwa begi unaweza kushikwa.