Muuguzi Aliyesikia Kauli Mbili

Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli aliitahadharisha Wizara ya Afya isikimbilie chanjo za UVIKO-19. Siku chache baadaye Waziri wa Afya akatamka kwamba nchi haina mpango wa kuzipokea. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, na watumishi wa afya wakawekwa katika kundi la kwanza. Ni miezi sita tu.

Husemwa kwamba watumishi waliosita walikosa elimu. Sikubaliani. Muuguzi wa Tanzania amekuwa akichanja watoto tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanza mwaka 1975, sindano haimtishi. Kilichomlemea ni kumbukumbu. Takwimu za ugonjwa zilikoma mwishoni mwa Aprili 2020, zikiishia wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi uliofuata mkuu wa maabara ya taifa alisimamishwa kazi baada ya Rais kutilia shaka vipimo. Mtumishi wa ngazi ya chini hakuhitaji waraka ili aelewe kwamba usalama wake uko katika kunyamaza. Tena ujuzi wenyewe ulizidisha mashaka: Aprili 2021 Marekani ilisitisha kwa muda chanjo ya Janssen kwa sababu ya visa adimu vya damu kuganda, kisha ikairuhusu tena. Shehena ya kwanza kutufikia, dozi 1,058,400, ilikuwa ya chanjo hiyohiyo.

Hapa Kiegeani, kisiwani Mafia, mtumishi wa afya ni jirani. Hununua samaki palepale wanaponunua wagonjwa wake. Mtu hamuulizi kwanza habari za virusi. Humuuliza, "Sista, wewe mwenyewe umeshachanja?" Akijibu hapana, kampeni imeishia hapo. Akijibu ndiyo, amejitwika dhamana ya homa ya kila atakayemfuata, nao wakubwa waliobadili kauli wako ng'ambo ya bahari.

Chanjo ilitangazwa kuwa ya hiari, na nadhani ilikuwa haki iwe hivyo. Lakini hiari ni lugha ngeni kwa mtu aliyezoezwa kusubiri maelekezo. Kamati ya wataalamu iliyokabidhi ripoti yake Mei 2021 ilipendekeza chanjo zitumike. Muuguzi alihitaji pia kiongozi wa kumwambia waziwazi kwamba kauli ya Januari ilikuwa kosa, na kwamba hataadhibiwa kwa kuwa aliitii.