Laini Moja, Kompyuta Sita: Rauta ya Waya Bulla Pesa

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, na Isiolo, mji ambako askari Wasomali waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makazi, ukawa lango lake. Uhuru haukulifungua lango hilo mara moja. Sheria za hali ya hatari zilizokuja na vita vya Shifta ziliondolewa mwishoni mwa 1991. Miaka minne baadaye intaneti ilianza kuuzwa Nairobi. Mtaa kama Bulla Pesa, katika mji ambao lami ilikomea kwa miaka mingi, haukutarajiwa kuwa wa kwanza kuipata.

Ilipofika, ilifika ikiwa nyembamba na ghali. Telkom Kenya iliendesha mkondo mkuu wa taifa, Jambonet, kupitia setilaiti. Ishara ilipanda kiasi cha kilomita 36,000 angani kisha ikashuka, kwa hiyo kila ombi na jibu lake vilikula karibu nusu sekunde kabla hata ya kuhesabu foleni ya watumiaji. Mwenye simu ya mezani na modemu alipata kilobiti 56 kwa sekunde, akibahatika. Laini ghali kiasi hicho haiwezi kuhudumia kompyuta moja tu. Lazima igawanywe, la sivyo biashara haipo.

Kugawana kwenyewe kulitokana na upungufu wa namba. Mfumo wa anwani za intaneti wa wakati huo ulikuwa na nafasi bilioni 4.3 hivi, na mapema miaka ya 1990 wataalamu waliona zitakwisha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo la mashine nyingi kutumia anwani moja ya nje. Machi mwaka huo huo zilikuwa zimetengwa namba za matumizi ya ndani, zikiwemo zile za 192.168 ambazo fundi yeyote wa saiba anazijua kwa kichwa. Msomaji wa Isiolo hahitaji mhadhara hapa: barua za ukoo mzima zilipitia sanduku moja la posta la shule au la msikiti, 60300 Isiolo, na mtu mmoja akajua ipi ni ya nani. Rauta, kifaa kinachogawa laini, hufanya kazi ya mtu huyo kwa daftari lake, ila huliandika upya mara maelfu kwa dakika.

Mwanzoni kazi hiyo ilifanywa na kompyuta nzima. Windows 98, toleo la pili la 1999, ilikuja na uwezo wa kugawa laini, na kompyuta ya mwenye saiba ikawa mlango wa nyingine zote. Akiizima, au ikigandishwa na virusi, wateja wote wanabaki wakitazama ukurasa mweupe. Ndipo visanduku vikaingia. Linksys, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1988 na Victor na Janie Tsao, wahamiaji kutoka Taiwan, ilitoa rauta ndogo yenye matundu manne ya kebo. Mwaka 2003 Cisco iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 500.

Juni 2009 kebo ya faiba ya chini ya bahari, TEAMS, kutoka Fujairah iliingia Mombasa, Rais Kibaki akiwa Fort Jesus kuipokea. Mwezi uliofuata kebo nyingine, SEACOM, ikawashwa. Mradi wa serikali wa NOFBI ukaipeleka faiba bara, na awamu yake ya pili ikalenga makao makuu ya kaunti. Kilichobaki kuwa kazi ya mwenye duka ni zile mita za mwisho, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kebo ya Cat5 ina nyuzi nane zilizosokotwa jozi jozi. Fundi huzinyoosha na kuzipanga: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, kisha huzikata sawasawa na kuzibana kwa koleo. Uzi mmoja ukikosea, taa ya rauta huenda isiwake. Kebo isizidi mita 100.

Kwa nini waya, simu zote zikiwa na Wi-Fi? Kwa sababu kuta za mabati huzuia mawimbi, na kwa sababu kompyuta ya saiba haihami. Anayejaza fomu ya kodi kwenye iTax usiku wa mwisho, Juni 30, hataki kusikia habari za mawimbi.

Anayechagua leo aanze na laini yake. Ikiwa kasi haizidi megabiti 100 kwa sekunde, matundu ya kawaida yanatosha na pesa ya gigabiti ni bora iende kwenye betri ya akiba. Mwenye laini mbili, faiba na ya simu, atafute inayoziunganisha, kama TL-R470T+ ya TP-Link. Anayetaka kumpimia kila mteja kasi yake au kuuza vocha ataridhika na hEX ya MikroTik, kampuni ya Latvia: matundu matano ya gigabiti, Wi-Fi hamna kabisa. Ni ngumu kuipangilia, lakini kwa duka la kompyuta sita ndiyo ya kununua. Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo.